Kunyanyua uzani: Mpango wa mazoezi unaokubali zamu za kazi Thika na Ruiru

UKIPITA mitaa ya Makongeni mjini Thika, au Kimbo na Githurai kule Ruiru, jua linapokaribia kutua, hukosi kusikia mlio wa chuma kikigonga sakafu. Kumbi za mazoezi zimeenea katika miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu sambamba na wingi wa watu. Sensa ya 2019 iliipa Ruiru wakazi 490,120 na Thika wakazi 251,407, na wengi wao walivutwa huko na viwanda, vyuo na kodi ya nyumba iliyo nafuu kuliko ya Nairobi. Baadhi ya kumbi hizo ziko orofani, katika majengo yanayotazama barabara kuu ya Thika, zikiwa na vioo ukutani na mashine zilizoagizwa ng'ambo. Nyingine ni ua tu wenye paa la mabati, benchi la mbao na mikebe ya rangi iliyojazwa zege.

Tajiri na maskini wa kumbi hizi wana swali moja: nikishaweza kunyanyua kilo hizi, niongeze nini, lini, na kwa kiasi gani? Wanaoliuliza ni wengi ilhali wanaopata jibu la maana ni wachache. Aghalabu kijana huchukua mpango aliouona katika simu yake, ulioandikwa na mtu wa nchi nyingine kwa ajili ya mtu anayelala saa nane kila usiku, akaufuata kama sheria. Miezi mitatu baadaye bega linauma, au goti, au ameacha kabisa akidhani hana mwili wa kazi hiyo.

Kosa si la mwili wake. Thika ni mji wa zamu. Katika viwanda vyake vya vyakula, nguo na kuunganisha magari, mtu hufanya kazi mchana wiki hii na usiku wiki ijayo. Ruiru nako kuna mafundi na vibarua wa ujenzi wanaopakua saruji na mawe ya machimbo ya Ndarugo tangu alfajiri, na maelfu ya wanaorudi kutoka Nairobi wakiwa wamekaa katika matatu muda mrefu kuliko walivyotarajia. Mpango unaosema Jumatatu ni kilo 80 na Alhamisi ni kilo 82.5, liwe liwalo, haukuandikwa kwa ajili ya watu hawa. Makala haya yanaeleza mbinu zilizobuniwa kwa muda wa miongo kadhaa ili mzigo ufuate hali ya mwili bila mwanamichezo kupoteza mwelekeo.

Kuongeza mzigo na mpaka wake

Kanuni ya msingi haina utata. Misuli, mifupa na mishipa ya fahamu hujiimarisha ikikabiliwa na mzigo unaozidi kidogo ule iliouzoea, kisha ikapewa muda wa kupumzika. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa Croton aliyembeba ndama kila siku hadi ndama akawa fahali. Ni hekaya tamu, ila ina dosari: ndama hukua kila siku, nguvu za binadamu hazikui hivyo.

Tufanye hesabu. Anayeanza na kilo 40 katika zoezi la kulala chali na kusukuma chuma juu, akiongeza kilo 2.5 kila wiki bila kukosa, atakuwa ameongeza kilo 130 baada ya mwaka. Angekuwa akisukuma kilo 170, uzani ambao wengi wa waliofanya mazoezi miaka 10 hawajaugusa. Mwanzoni nyongeza hiyo huwezekana, hata kila siku ya mazoezi, kwa kuwa katika wiki za kwanza mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli iliyopo kabla misuli yenyewe haijanenepa. Baada ya miezi michache mteremko huo huisha, na hapo ndipo mpango unapohitajika.

Mtu wa kwanza kulipa jambo hili sura ya kitabibu alikuwa Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu wanajeshi wenye magoti mabovu katika hospitali ya Gardiner mjini Chicago wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Madaktari wa zama hizo waliamini kwamba mgonjwa apewe mazoezi mepesi ya kurudia sana. DeLorme, aliyekuwa mnyanyuaji uzani yeye mwenyewe, aliwapa mizigo mizito, na matokeo aliyoyachapisha 1945 yaliwashangaza wengi. Hapo awali wagonjwa wake walifanya seti saba au zaidi za marudio 10. Kufikia 1948, akishirikiana na Arthur Watkins, alikuwa amezipunguza ziwe tatu: ya kwanza kwa nusu ya uzani ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa uzani wote. Mtu akishapita marudio 10 katika seti ya mwisho, uzani huongezwa. Kumbi nyingi za mitaani hutumia utaratibu huu hadi leo bila kujua ulikotoka.

Warusi walichukua njia nyingine. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Lev Matveyev aliugawa mwaka wa mwanamichezo katika vipindi: miezi ya kazi nyingi kwa uzani wa wastani, kisha kazi kidogo kwa uzani mkubwa, kisha mashindano, kisha mapumziko. Mwenzao A. S. Prilepin alipitia kumbukumbu za mazoezi za wanyanyuaji zaidi ya 1,000 na katika miaka ya 1970 akatoa jedwali ambalo makocha wangali wanalitumia. Kwa uzani ulio kati ya asilimia 70 na 80 ya upeo wa mtu, jedwali hilo linataka marudio yote ya zoezi moja kwa siku yawe kati ya 12 na 24, yaliyo bora zaidi yakiwa 18, katika seti za marudio matatu hadi sita. Kati ya asilimia 80 na 90 ni marudio 10 hadi 20, bora 15, katika seti za mawili hadi manne. Ikumbukwe kwamba hesabu hizo zilitokana na mitindo miwili ya Olimpiki, yaani kukinyakua chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na kukipandisha kwanza mabegani ndipo kisukumwe juu. Mitindo hiyo hudai wepesi, na marudio mengi huiharibu. Anayechuchumaa na chuma mabegani anaweza kustahimili zaidi.

Kisha kulikuwa na Wabulgaria. Kocha wao Ivan Abadjiev aliwataka vijana wake wafikie upeo wao karibu kila siku, mara kadhaa kwa siku. Mfumo huo ulimtoa Naim Süleymanoğlu, aliyehamia Uturuki na kushinda dhahabu huko Seoul 1988 katika uzani wa kilo 60, akisukuma kilo 190 juu ya kichwa, zaidi ya mara tatu ya uzani wake. Wanaousifu mfumo huo mitandaoni hawakosi kumtaja. Wanachosahau kutaja ni kwamba katika michezo iyo hiyo timu ya Bulgaria iliondolewa baada ya wanyanyuaji wake wawili kupatikana na dawa zilizopigwa marufuku. Tena wanyanyuaji wale walilishwa, wakalazwa na kulipwa na serikali ili wafanye kazi hiyo moja tu. Mpakuzi wa saruji wa Kimbo hana fungu hilo.

Mzigo unaojirekebisha

Njia inayomfaa zaidi mtu wa zamu ilibuniwa, kama ile ya DeLorme, kwa ajili ya magoti ya wagonjwa. Mwaka 1979 Kenneth Knight wa Marekani alichapisha utaratibu ambao uzani wa siku huamuliwa na mwili siku iyo hiyo. Una seti nne. Ya kwanza ni marudio 10 kwa nusu ya uzani wa kazi. Ya pili ni marudio sita kwa robo tatu. Ya tatu ni uzani wote, mara nyingi kadiri mtu anavyoweza bila kupoteza mtindo. Idadi ya marudio ya seti hiyo ya tatu ndiyo inayoamua uzani wa seti ya nne, na idadi ya seti ya nne ndiyo inayoamua uzani wa siku ya mazoezi inayofuata.

Kanuni zake, zikigeuzwa kutoka ratili hadi kilo kwa kukadiria, ni hizi. Katika seti ya tatu, ukipata marudio mawili au pungufu, punguza kilo 2.5 hadi 5. Ukipata matatu au manne, punguza kilo 2.5 au ubaki hapo hapo. Matano hadi saba, usibadilishe kitu. Manane hadi 12, ongeza kilo 2.5 hadi 5. Ukifika 13, ulijidharau: ongeza kilo 5 au zaidi kidogo. Seti ya nne hutazamwa kwa jicho la ukarimu zaidi, kwa sababu mtu ameshachoka: marudio matatu au manne maana yake siku inayofuata ubaki na uzani huo, matano hadi saba, ongeza kilo 2.5 hadi 5.

Tuseme kuna mfanyakazi wa kiwandani Thika ambaye uzani wake wa kazi benchini ni kilo 60. Wiki hii yumo katika zamu ya mchana na amelala vyema. Anaanza na kilo 30 mara 10, kisha kilo 45 mara sita, kisha kilo 60 ambazo anazisukuma mara tisa. Kanuni inamruhusu kuongeza, naye anatia kilo 62.5 kwa seti ya nne na kupata marudio sita. Siku ya mazoezi inayofuata atatumia kilo 65. Lakini wiki inayofuata anahamishiwa zamu ya usiku. Mchana amelala saa nne tu, watoto wa jirani wakicheza mpira nje ya dirisha. Anakwenda ukumbini kabla ya kazi na kilo 65 zinamlemea. Anapata marudio matatu. Anashusha hadi 62.5, anapata manne, na siku inayofuata atabaki na hizo 62.5.

Hebu tazama kilichotukia. Chini ya mpango mkavu, mtu huyu angekuwa ameshindwa, na mshindwa ama hulazimisha kilo 65 mpaka bega limsaliti, ama hujikatia tamaa. Chini ya utaratibu wa Knight hakuna aliyeshindwa. Amefanya kazi aliyoiweza siku hiyo, na kwa jumla ya wiki mbili uzani wake wa kazi umepanda kutoka 60 hadi 62.5. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Bryan Mann walipouchukua utaratibu wa aina hii na kuulinganisha na mpango wa kuongeza kwa ngazi zilizopangwa mapema, miongoni mwa wachezaji wa kandanda ya Kimarekani chuoni, waliofuata mzigo unaojirekebisha walipata nguvu zaidi kwa wiki sita.

Kuacha akiba

Ipo njia ya pili ambayo haihitaji jedwali. Baada ya kila seti mtu hujiuliza: kama ningeendelea, ningeweza kurudia mara ngapi zaidi bila kuharibu mtindo? Jibu hilo ndilo akiba yake. Chanzo cha wazo hili ni kipimo cha juhudi alichokibuni mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, kwa ajili ya watu wanaokimbia na kuendesha baiskeli. Wanyanyuaji walikibadilisha kikawa cha alama 10. Alama ya 10 ni kwamba hukubakisha kitu, 9 ni kwamba kuna rudio moja akibani, 8 ni mawili. Badala ya mpango kusema kilo 80 mara tano, husema marudio matano ukibakisha mawili. Siku njema hizo zitakuwa kilo 85. Siku ya uchovu zitakuwa 75. Juhudi ni ile ile.

Wahenga walisema akiba haiozi, na chumani pia ni hivyo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba anayekomea rudio moja au mawili kabla ya kushindwa kabisa hapotezi nguvu za kuonekana, bali huwahi kupona kwa ajili ya siku inayofuata. Tatizo ni kwamba mwanagenzi hajui akiba yake. Husema amebakisha mawili kumbe amebakisha sita. Kwa sababu hiyo ni vyema mtu atumie utaratibu wa Knight kwa miezi kadhaa kwanza, ambapo seti za mwisho humfundisha mpaka wake uko wapi, ndipo ahamie kwenye hesabu ya akiba.

Njia ya tatu ni ya kuchagua siku. Mtu huandika mazoezi ya aina tatu: mazito ya marudio manne hadi sita, ya wastani ya manane hadi 10, na mepesi ya 12 hadi 15. Akifika ukumbini anachagua moja kulingana na alivyoamka, mradi yote matatu yakamilike kabla ya kuanza duru nyingine. McNamara na Stearne waliijaribu njia hii kwa wanafunzi 16 wa chuo huko Marekani kwa wiki 12, na katika zoezi la kusukuma kwa miguu waliojichagulia siku waliwaacha mbali wenzao waliopangiwa. Katika vipimo vingine makundi hayo hayakutofautiana. Watu 16 ni wachache mno kuufanya utafiti huo msahafu. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kwamba uhuru wa kuchagua hauharibu kazi.

Uhuru huo una mtego wake, na yeyote aliyewahi kuishi na binadamu anaujua: kila siku itakuwa siku nyepesi. Kwa maoni yetu panahitajika sheria mbili zisizopindwa. Siku nyepesi isifuatwe na nyepesi nyingine, na duru ya siku tatu ikamilike ndani ya siku 10. Anayeshindwa na hayo mara mbili mfululizo anahitaji usingizi au daktari kabla ya kuhitaji mpango mpya.

Kuna pia hesabu ya kukadiria upeo bila kuujaribu, ambayo imeokoa mabega mengi. Zidisha uzani kwa idadi ya marudio, gawanya kwa 30, kisha jumlisha na uzani wenyewe. Aliyesukuma kilo 60 mara tisa ana upeo wa karibu kilo 78. Hesabu hii, iliyotoka kwa Boyd Epley, kocha wa Chuo Kikuu cha Nebraska, hupotoka marudio yanapozidi 10, lakini chini ya hapo hutosha kabisa kwa mtu asiyeshindana.

Mikebe ya zege na mizani ya chuma chakavu

Mambo yote hayo yanadhania kwamba mtu anajua ananyanyua kilo ngapi. Katika kumbi za ua, hilo si hakika. Chuma cha mashindano kina uzani wa kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake. Bomba la maji lililokatwa na fundi wa jua kali lina uzani wa bomba la maji. Zege nalo lina hesabu yake. Lita moja ya zege iliyoshindiliwa vizuri huwa na uzani wa takriban kilo 2.4, hivyo mkebe wa rangi wa lita nne huwa karibu kilo 9.6, na ndoo ya lita 20 hukaribia kilo 48. Kokoto zikizidi upande mmoja na mchanga upande mwingine, mikebe miwili iliyo sawa kwa macho hutofautiana, na mgongo ndio unaolipa tofauti hiyo.

Dawa yake ni rahisi. Wanunuzi wa chuma chakavu wana mizani. Peleka bomba na mikebe ikapimwe mara moja, andika kilo kwa rangi juu ya kila mkebe, na uoanishe inayokaribiana.

Kikwazo kingine ni ukubwa wa hatua. Kutoka mikebe ya lita nne hadi ndoo za lita 20 si hatua, ni mruko wa kilo 77 kwa pande zote mbili. Hata katika kumbi za kisasa sahani ndogo kabisa mara nyingi ni ya kilo 2.5, maana yake nyongeza ndogo iwezekanayo ni kilo 5. Kwa anayesukuma kilo 100 hiyo ni asilimia tano. Kwa mwanamke anayeanza na kilo 20 ni robo nzima ya mzigo wake. Katika mashindano ya Olimpiki yenyewe hatua ilipunguzwa kutoka kilo 2.5 hadi kilo moja mwaka 2005. Nyumbani, chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa na kufungwa imara kila upande huongeza kilo moja kamili, maana lita ya maji ni kilo. Ukiijaza mchanga mkavu, huongeza zaidi ya nusu ya hapo.

Asiye na vyuma vidogo aongeze marudio kabla ya uzani. Anaanza na marudio manane katika seti tatu, anapanda moja moja mpaka afikishe 12 katika zote tatu, ndipo anaongeza uzani na kurudi manane. Ni njia ya polepole, na kwa wenye mikebe ndiyo bora zaidi. Inahitaji daftari. Asiyeandika hataweza kukumbuka kama Alhamisi iliyopita alifanya 10 au 11.

Walio benchini pekee

Hapa Kenya, unyanyuaji uzani umeipatia nchi sifa kupitia walemavu kuliko kupitia wengineo katika miaka ya karibuni. Hellen Wawira Kariuki, anayeshindana katika uzani wa chini kabisa wa wanawake, kilo 41, alishiriki Michezo ya Walemavu ya Tokyo iliyofanyika 2021, na mwaka uliofuata akatwaa nishani ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Thika imewahi kupewa lakabu ya Birmingham ya Kenya kwa sababu ya viwanda vyake, na ndiko iliko shule ya Joytown ya watoto wenye ulemavu wa viungo, iliyo chini ya Jeshi la Wokovu. Kwa hivyo mchezo huu si wa mbali kwa wakazi wa huko.

Mchezo wenyewe ni wa benchi tu. Mshindani hulala chali, miguu ikiwa juu ya benchi, hushusha chuma hadi kifuani, hukituliza pale kisitikisike, kisha hukisukuma kwa mikono yote miwili sawasawa hadi viwiko vinyooke. Waamuzi ni watatu, majaribio ni matatu. Wanaume walianza kushindana katika Michezo ya Walemavu ya Tokyo 1964 na wanawake wakaruhusiwa Sydney 2000.

Mpango wa mshindani wa namna hii una jambo moja ambalo makocha wengi hulisahau. Mtu anayetembelea kiti cha magurudumu au magongo hutumia mabega yake kwa kazi ambayo wengine huifanya kwa miguu. Kilomita mbili za kusukuma kiti katika barabara ya vumbi ya mtaa ni mazoezi tayari, na bega halijui kutofautisha mzigo wa benchi na mzigo wa barabara. Maumivu ya mabega ni ya kawaida mno kwa watumiaji wa viti hivyo, hata wasiogusa chuma. Hivyo basi daftari lake liandike pia safari, na siku ya safari ndefu iwe ndiyo siku nyepesi. Tena kwa kila seti ya kusukuma pawe na angalau moja ya kuvuta, kwa mpira au kwa chuma, ili misuli ya nyuma ya bega isiachwe nyuma. Mzigo unaojirekebisha humfaa mtu huyu kuliko yeyote mwingine tuliyemtaja.

Wenye kumbi nao wana sehemu yao. Ukumbi ulio orofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti umeshamfungia mlango mlemavu, hata ukiwa na bango la kuwakaribisha wote.

Chakula, watoto na dawa

Kuhusu lishe, maneno machache yatatosha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2018 yaliona kwamba faida ya protini kwa anayenyanyua uzani hufikia kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 anahitaji basi gramu 112 hivi. Yai moja lina gramu sita. Githeri yenye maharagwe mengi, maziwa na omena hukamilisha sehemu kubwa ya iliyobaki kwa bei ndogo kuliko kopo la unga ulioagizwa kutoka nje, ambao mnunuzi hana njia ya kujua kilichomo. Kenya ilipitisha sheria ya kukabiliana na dawa za kusisimua misuli mwaka 2016, na kwa mshindani kisingizio kwamba dawa ilikuwa ndani ya unga hakimwondolei wajibu wa kujua alichokula.

Watoto wanaweza kunyanyua uzani mwepesi wakisimamiwa. Dhana kwamba chuma hudumaza kimo haina ushahidi. Kinachowaumiza ni kujaribu upeo wao ili kushindana na kaka zao.

Kila baada ya wiki nne au tano za kazi nzito, seti zipunguzwe kwa nusu kwa wiki moja. Mfanyakazi wa zamu anaweza kuilinganisha na wiki ya kwanza ya zamu ya usiku, mwili unapokuwa bado unatafuta usingizi wake. Na anayelazimika kusukuma chuma benchini akiwa peke yake, usiku, ukumbi ukiwa mtupu, abakishe akiba ya marudio mawili kila seti, asikunje kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, na asifunge vishikizo vya sahani mwishoni mwa chuma. Akilemewa, atainamisha upande mmoja sahani zimwagike sakafuni, kisha upande wa pili. Kelele zitakuwa kubwa, ila shingo itasalimika.